Kurudi chuoni kusoma sayansi baada ya miaka kazini: mwongozo kwa watu wa Unguja na Pemba

Mwongozo huu ni wa mtu aliyemaliza digrii ya sayansi miaka mitano, minane au kumi na mbili iliyopita, akaajiriwa skuli, hospitali, maabara, wizarani au hotelini, na sasa anataka masta au PhD. Aliyemaliza mwaka jana ana wahadhiri wanaomkumbuka na transkripti yake bado mpya. Wewe huna vyote viwili, kwa hiyo mpangilio wako uwe mwingine: anza na vinavyochelewa, yaani karatasi na watu, na chuo ukichague baadaye. Wengi wetu hufanya kinyume. Tangazo la ufadhili linapita kwenye kundi la WhatsApp, zimebaki wiki tatu, ndipo mtu anagundua kwamba cheti kimeandikwa Hamis na pasipoti imeandikwa Khamis.

Jipe mwaka mzima. Ukipata chini ya hapo ni bahati.

1. Tazama kwanza milango yenye ukomo

Miaka yako nje ya chuo kila mfadhili anaihesabu kwa namna yake, na hesabu hiyo ndiyo itakayokuamulia mengine yote.

DAAD ya Ujerumani, katika programu zake za masta zinazohusu maendeleo, inataka shahada yako ya mwisho iwe haijapita miaka sita, na papo hapo inataka uwe umefanya kazi si chini ya miaka miwili baada ya shahada hiyo. Maana yake nafasi yako ipo kati ya mwaka wa pili na wa sita. Sharti la miaka sita limo pia katika ufadhili wake wa kusoma ndani ya Afrika. MEXT ya Japani haiulizi ulimaliza lini, inauliza umri: chini ya miaka 35. Chevening ya Uingereza haina ukomo wa umri, tena inakutaka uwe umekwishafanya kazi: saa 2,800, sawa na kama miaka miwili ya kazi ya kutwa. Ukimaliza masta yako ya mwaka mmoja unatakiwa urudi nyumbani ukae miaka miwili. Masta za Erasmus Mundus, zinazosomwa kwa kuzunguka vyuo vya nchi mbili au zaidi za Ulaya, nazo hazina ukomo wa umri.

Sasa tia hesabu yako. Aliyemaliza digrii mwaka 2015 asikeshe kujaza fomu ya masta ya DAAD. Lakini yasome vizuri yale maneno "shahada ya mwisho". Akisoma masta hapa nyumbani, hesabu inaanza upya siku atakayoimaliza, na akija kuomba PhD anakuwa mwombaji halali kama mwengine yeyote. Ndiyo maana mimi huwaambia watu wenye miaka mingi kazini wasiidharau masta ya nyumbani hata kama ndoto yao ni kusoma nje.

Na nyumbani pana pa kusomea. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo Unguja tangu 1978, siku hizi ina kampasi yake Buyu, na inatoa masta na PhD. SUZA iko Tunguu. Bweleo, kijiji tulichokijua kwa mwani na sabuni za mwani, tangu 2023 kina kampasi ya IIT Madras ya India, yenye masta ya sayansi ya data na akili mnemba. Ukivuka bahari kuna Sokoine, Morogoro, kwa kilimo na mifugo. Muhimbili kwa afya. Na Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, ambayo haina digrii ya kwanza kabisa, inafundisha masta na PhD tu. Ukiingia pale hutazungukwa na vijana waliotoka kidato cha sita juzi.

Kwa upande wa fedha za ndani, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar ndiyo ya kufuatilia mwanzo. Ule ni mkopo, utarejeshwa. Kama bado una deni la digrii ya kwanza, kalizungumze mapema na bodi iliyokukopesha, makato yaanze na risiti uwe nazo. Kwa wanaosoma bahari, WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi, ina makao yake makuu hapa hapa Unguja na hutoa ruzuku za utafiti ambazo wanafunzi wa masta na PhD huziomba kwa ajili ya kazi za tasnifu zao.

2. Masta au PhD moja kwa moja?

Marekani unaweza kuomba PhD ya sayansi ukiwa na digrii ya kwanza tu. Idara nyingi za sayansi humlipia mwanafunzi wa PhD ada na kumpa posho ya kuishi, naye hufundisha madarasa ya chini au hufanya kazi katika maabara ya msimamizi wake. Masta ya huko mara nyingi unajilipia, na ni ghali. Kwa hiyo asiye na mfadhili, kwa Marekani, mara nyingi ni nafuu aombe PhD kuliko masta. Ulaya mambo ni kinyume: wanataka masta kwanza, na nafasi za PhD katika nchi nyingi hutangazwa kama ajira, zina mshahara, na unaziomba kama unavyoomba kazi. Ujerumani vyuo vingi vya serikali havitozi ada ya masomo, ila jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wageni wasiotoka Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula.

Kabla hujalipa ada ya maombi ya chuo cha Marekani, angalia masharti ya viza kwa Watanzania kwa wakati huo. Hubadilika, na ada ya maombi hairudi.

3. Karatasi, na jina lako

Hapa ndipo watu wa visiwani hukwama zaidi, basi tusikimbie.

Kusanya vyeti vyote juu ya meza moja: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, cha digrii, transkripti, kitambulisho cha Mzanzibari, kitambulisho cha taifa na pasipoti. Lisome jina lako katika kila kimoja, herufi kwa herufi. Khamis na Hamisi. Abdalla na Abdallah. Salum na Salim. Othman na Athumani, hili likiwatokea khasa waliosoma sekondari Tanzania Bara, ambako karani aliandika alivyosikia. Kisha hesabu majina: cha kuzaliwa kina matatu, cha kidato cha nne kina mawili, cha digrii kina mawili na herufi moja katikati.

Herufi zikipishana, nenda kwa wakili au mahkamani upate hati ya kiapo inayosema kwamba majina haya yote ni ya mtu mmoja. Iwe inataja kila namna jina lilivyoandikwa na kwenye hati gani. Kiapo kinachosema kwa ujumla tu kwamba "majina yanatofautiana" hakitamtosheleza afisa udahili wa chuo cha Leeds, Uingereza, ambaye hajawahi kumwona Khamis wala Hamisi. Ikiwa tofauti ni kubwa, jina zima ni jengine, utahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, nayo ina safari ndefu zaidi.

Halafu fomu zitakuuliza jina la ukoo. Wengi wetu hatuna. Tuna jina letu, la baba na la babu. Andika kama pasipoti ilivyogawa, ambapo kwa kawaida la babu ndilo huwekwa kwenye nafasi ya ukoo, na usibadilishe tena: fomu ya chuo, ya mtihani wa Kiingereza, ya ufadhili, na hata anwani ya barua pepe ukiweza. Anayejaza la baba huku na la babu kule, mashine huhesabu watu wawili, na matokeo yake ya mtihani hukaa bila kukutana na faili lake.

Transkripti iombe rasmi chuoni hata kama unayo nakala. Vyuo vingi vya nje vinataka iliyofungwa na kupigwa mhuri, au itumwe na chuo chenyewe. Uliza mambo mawili kwa mpigo mmoja: transkripti, na barua ya kuthibitisha kwamba masomo yalifundishwa kwa Kiingereza. Barua hiyo vyuo kadhaa huipokea badala ya mtihani wa Kiingereza. Kama chuo chako kiko Bara, mtafute mtu wa kufuatilia ana kwa ana na umpe barua ya idhini yenye sahihi yako. Simu peke yake huwa haifiki mbali. Cheti kikiwa kimepotea, anza polisi upate taarifa ya upotevu, kisha ndipo uende chuoni, au Baraza la Mitihani kwa vya sekondari. Na ukumbuke mwezi wa Ramadhani: ofisi hufungwa mapema, na wiki ya Sikukuu hakuna kitu.

Waliosoma nje wana kazi ya ziada. Kwa kuomba vyuo vya Tanzania, digrii ya nje inatakiwa itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Aliyesoma kwa Kiarabu atahitaji tafsiri iliyothibitishwa pamoja na mtihani wa Kiingereza. Waliosoma Sudan ndio wenye shida kubwa: tangu vita vilivyoanza Aprili 2023, kupata hati kutoka Khartoum kunategemea chuo kimehamishia wapi ofisi zake. Njia inayofanya kazi ni kupitia kundi la wenzako wa darasa. Tafuta aliyefanikiwa, muulize alimwandikia nani.

4. GPA yako ya zamani

Vyuo vingi vya Tanzania huanzia 2.7 kati ya 5 kwa masta, yaani daraja la pili la chini. Uliyefika hapo au juu ya hapo, omba. Uliye chini, njia ya kawaida ni stashahada ya uzamili katika fani hiyo hiyo, ufaulu vizuri, kisha urudi na matokeo mapya. Kwa vyuo vya nje, wanaotazama faili hutazama pia mkondo: mwaka wa kwanza ulianguka, wa tatu ukapanda, na masomo yanayohusu fani unayoiomba una alama gani. Kama kulikuwa na sababu, maradhi au msiba, iseme kwa sentensi mbili katika barua ya malengo na upite. Aya nzima ya kujieleza hukumbusha tu kile ulichotaka kisahaulike.

5. Marefa

Utaombwa watu wawili au watatu wa kukuandikia barua za mapendekezo, na angalau mmoja awe mwanataaluma aliyekufundisha. Baada ya miaka kumi, mmoja amestaafu, mwengine yuko Norway, wa tatu hata jina lako halikumbuki. Aliyesimamia mradi wako wa mwaka wa mwisho ndiye wa kutafutwa mwanzo, hata akiwa amestaafu. Wa pili awe mtu wa kazini anayejua sayansi na aliyeona unavyofanya kazi: mkuu wa maabara, daktari wa wilaya, mtafiti wa ZAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi na bahari Zanzibar, au wa taasisi ya kilimo Kizimbani uliyewahi kumsaidia kukusanya data. Sheha, mbunge, au katibu mkuu ambaye mlikutana kwenye ufunguzi wa jengo, wacha. Cheo chake hakitasema lolote kuhusu wewe mbele ya darubini.

Msaidie mhadhiri akukumbuke. Ujumbe wa namna hii unatosha:

"Assalaam alaykum Dk. Natumai hujambo na familia. Mimi ni [jina kama lilivyokuwa kwenye orodha ya darasa], nilisoma BSc ya Kemia na kumaliza mwaka [ ]. Ulinifundisha kemia ya uchambuzi mwaka wa tatu na ukasimamia mradi wangu wa kupima floraidi katika maji ya visima. Tangu hapo nafundisha kemia skuli ya sekondari Pemba, na maabara ya skuli iko chini yangu. Naomba masta ya kemia ya mazingira. Mwisho wa maombi ni tarehe [ ]. Ningeomba uniandikie barua ya mapendekezo, ikiwa unaona unaweza kunieleza vizuri. Nimeambatanisha transkripti, muhtasari wa mradi ule kwa ukurasa mmoja, wasifu wangu wa sasa na rasimu ya barua yangu ya malengo. Ikiwa muda hauruhusu nitaelewa, na nitashukuru kujua mapema."

Yale maneno "ikiwa unaona unaweza kunieleza vizuri" yaache yalivyo. Yanampa nafasi ya kukataa kwa heshima yule ambaye angeandika mistari mitatu mikavu, na barua kavu ni mbaya kuliko kukosa. Mpe wiki sita. Mkumbushe ikibaki wiki mbili, tena ikibaki siku nne. Muombe atumie barua pepe ya taasisi yake; mifumo ya vyuo vingi vya nje huitilia shaka anwani ya kawaida ya Gmail.

Kama hakuna kabisa wa kukuandikia, jenga mmoja. Jitolee katika mradi wa utafiti ulio karibu nawe. Aliye Chake Chake ana Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi, ambayo imekuwa ikifanya utafiti wa minyoo, kichocho na maradhi mengine tangu 2000. Aliye Unguja ana Buyu, Tunguu na Kizimbani. Mwaka mmoja wa kusaidia kazi za mwishoni mwa wiki unaweza kukupa refa, jina katika shukrani za makala, na mkono uliozoea tena vifaa.

6. Swali ulilonalo wewe tu

Kijana aliyetoka chuo jana anawashinda wengi wetu kwa alama na kwa kumbukumbu ya fomula. Hawezi kukushinda kwa ulichokiona. Mwanasayansi aliyefanya kazi miaka minane Micheweni au Makunduchi ameshuhudia mambo yakibadilika mbele ya macho yake, na huko ndiko utafiti unakotoka. Waombaji wetu wengi huyaficha haya. Wanaandika mada pana za vitabuni, "athari za mabadiliko ya tabianchi Zanzibar", wakidhani ndivyo msomi anavyozungumza.

Tuchukue mfano wa maji. Mwalimu wa kemia wa pwani ya mashariki anajua kwamba kisima cha skuli kina maji matamu wakati wa masika, na kiangazi kikikolea chai inakuwa na chumvi. Anajua pia kwamba hali hiyo haikuwa hivyo alipofika, na kwamba tangu hapo hoteli zimeongezeka. Ardhi ya upande ule ni mawe ya matumbawe yenye matundu. Maji ya mvua huzama upesi na kuelea juu ya maji ya bahari yaliyo chini. Ukivuta mengi, ya chini hupanda. Hadi hapo ana mwono wa mkaazi. Sasa aufanye uwe swali: chumvi ya visima vya kijiji hiki hubadilika vipi kati ya masika na kiangazi, na je, inapanda zaidi kwenye visima vilivyo karibu na panapovutwa maji mengi? Swali hilo linapimika. Kipima upitishaji umeme wa maji, ambao hupanda chumvi ikizidi, ni kifaa kidogo cha mkononi, na mwalimu huyo anaweza kuchukua vipimo vya kila wiki kutoka visima vitano kuanzia leo, akaviandika katika daftari lenye tarehe, saa na hali ya mvua. Akiomba masta mwakani, atakuwa na grafu yake mwenyewe. Sijui waombaji wangapi duniani wanaotuma maombi wakiwa na data ya mwaka mzima waliyoikusanya bila kutumwa na mtu.

Ndivyo ilivyo kwa mwani pia. Kilimo cha mwani kilianza Unguja kibiashara mwaka 1989, na wakulima wake, wengi wao kina mama, wanajua kuliko yeyote kwamba mwani wa aina ya cottonii, wenye bei nzuri, unakufa katika maji ya kina kifupi yaliyopata joto, na aina ya spinosum ndiyo inayostahamili. Dk. Flower Msuya na wenzake wamefanya kazi ya miaka mingi juu ya jambo hili, pamoja na majaribio ya kulima maji ya kina zaidi kwa nyavu zilizoshonwa kama bomba. Anayetoka Paje au Jambiani, aliyekulia kwenye mashamba ya mama yake na akasoma biolojia, ana pa kuanzia ambapo mgeni angehitaji mwaka mzima kupafikia. Muuguzi wa Pemba aliyeshiriki kampeni za dawa za kichocho amekwishaona kwamba kuna vijiji ambavyo ugonjwa unarudi kila mwaka na vyengine umetulia. Bwana shamba wa karafuu anajua ni mikarafuu ya shamba gani inayokauka kuanzia kileleni. Kila mmoja wa hawa ameshika mwanzo wa tasnifu.

Ukishapata swali, soma nani amelifanyia kazi. Jarida la WIOMSA la sayansi za bahari linasomwa bure. Makala za kulipia, ziombe kwa mwandishi kwa barua pepe. Wengi hutuma siku hiyo hiyo, maana wanafurahi kusomwa. Maktaba za vyuo vyetu zinaweza pia kufungua majarida mengi kupitia Research4Life. Soma kama makala kumi na tano, kisha liandike upya swali lako. Litakuwa dogo zaidi, na hiyo ndiyo dalili nzuri.

7. Kuunoa ubongo

Takwimu ndiyo inayowaumiza wanaorudi. Jifunze R, programu ya bure inayotumika katika fani karibu zote za sayansi, na uijifunzie kwenye data yako mwenyewe, si ya mfano. Anayeomba fizikia, uhandisi au data arejee hesabu za matriki na kalkulasi (calculus). Saa moja baada ya alfajiri, kabla umeme haujakatika na watoto hawajaamka, inatosha ukiishika kila siku.

8. Kumwandikia msimamizi

Kwa masta ya darasani si lazima. Kwa masta ya utafiti na PhD ya Ulaya, Afrika Kusini au hapa kwetu, mtafute msimamizi kabla ya kujaza fomu. Kwa Marekani inategemea idara. Katika ikolojia, bahari na kilimo ni desturi kumwandikia, wakati idara nyingine huchagua kwa kamati.

Barua iwe fupi, isomeke kwenye simu bila kushusha sana. Sentensi ya kwanza: wewe nani na unaomba nini, mwaka gani. Ya pili na ya tatu: makala yake ipi uliyoisoma na inagusana wapi na ulichokiona. Halafu swali lako. Mwisho muulize jambo moja tu, kama anapokea mwanafunzi mwaka huo. Usimwite "mheshimiwa profesa mtukufu" na usitume barua moja kwa watu arubaini. Harufu yake husikika. Asipojibu kwa wiki mbili, mkumbushe mara moja. Akinyamaza tena, nenda kwa mwengine bila kinyongo.

9. Mitihani

Matokeo ya mitihani ya Kiingereza ya IELTS na TOEFL hudumu miaka miwili tu, kwa hiyo uliyofanya zamani hayana kazi. IELTS hufanyika Dar es Salaam: weka hesabu ya boti na malazi, na uvuke siku moja kabla, hasa wakati wa kusi ambapo safari inaweza kuahirishwa. Vyuo kadhaa hupokea Duolingo, unaoufanya nyumbani kwa kama saa moja, ilimradi intaneti isikatike. GRE, mtihani wa jumla wa kuombea masomo ya uzamili, idara nyingi za sayansi za Marekani zimeiacha. Usiilipie mpaka uone idara yako imeiandika kuwa ni lazima. Chuo chochote, kabla ya kulipa ada ya maombi, waandikie uombe msamaha wa ada. Wengi wana utaratibu huo na hawautangazi sana.

10. Barua ya malengo

Anza na swali lako, si utoto wako. "Tangu nikiwa mdogo nilipenda sayansi" imeandikwa na kila mtu.

Ile miaka ya kazi isimulie kama kazi, kwa vitenzi na namba za kweli: ulifundisha madarasa mangapi, ulipima sampuli ngapi kwa mwezi, ulitengeneza nini kilipoharibika. Aliyekaa nyumbani kulea watoto au kuuguza mzazi aseme hivyo kwa sentensi moja, bila kuomba radhi, kisha aseme alivyorudi. Msomaji wa faili anataka kujua mambo mawili kuhusu pengo lako: kwa nini sasa, na utamudu vipi. La kwanza linajibiwa na swali la utafiti. La pili linajibiwa na kitu cha karibuni, kozi ya takwimu uliyomaliza, data uliyokusanya, mafunzo uliyohudhuria.

Mpe asome mtu asiye wa fani yako. Akikwama mahali, hapo ndipo pa kurekebisha.

11. Mwajiri na nyumbani

Mtumishi wa serikali asiondoke bila ruhusa ya masomo kwa maandishi. Mwambie mkuu wako mapema, kabla ya kupata nafasi, maana wafadhili kadhaa watamtaka aandike barua ya kukuunga mkono, na bosi aliyeshtukizwa huandika taratibu. Uliza kwa maandishi kuhusu mshahara wakati wa masomo na muda utakaotakiwa kutumikia ukirudi.

Nyumbani nako zungumza na mume au mke, na wazee, ukiwa na tarakimu mkononi: posho ni kiasi gani, ada ya skuli ya watoto italipwa na nani, utarudi lini. Mazungumzo ya hivi yakiachwa mpaka viza imetoka huwa machungu.

12. Kutuma, na baada yake

Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi ya PhD mwanzoni mwa Disemba hadi katikati yake. Dakika moja kabla ya saa sita ya usiku New York, mwezi huo, ni saa 1:59 asubuhi ya siku ya pili huku kwetu. Usiufurahie muda huo wa ziada. Tuma siku tatu kabla, hifadhi ukurasa wa uthibitisho, kisha hakikisha barua za marefa zimeingia, kwani mfumo mara nyingi huendelea kuzipokea siku chache baada ya wewe kufunga.

Ukiitwa kwenye usaili wa video, tafuta mahali penye umeme wa uhakika na uwe na bando kwenye simu pembeni. Watakuuliza kuhusu data yako kuliko alama zako. Jibu "sijui, lakini ningeanza kupima hivi" linapokelewa vizuri sana.

Majibu ya Marekani yenye ufadhili, vyuo vingi vimekubaliana kwamba mwombaji hashurutishwi kuamua kabla ya tarehe 15 Aprili. Ukipata nafasi bila fedha, usiikatae siku hiyo hiyo. Waandikie uulize mambo mawili: kama kuna ufadhili wa idara ambao bado haujagawiwa, na kama wanaruhusu kuahirisha kujiunga kwa mwaka mmoja. Wakikubali kuahirisha, una barua ya udahili mkononi wakati madirisha ya ufadhili yanapofunguliwa tena, Chevening kwa kawaida ikianzia Agosti, na fomu utakayoijaza safari hiyo itakuwa na vitu vingi ulivyokwishavikamilisha.